Joto la usiku hupikwa mchana: kisa cha gari la kulalia pale Dunga

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya bodi ndefu. Zamani lilikuwa matatu. Liling'olewa viti, likawekwa kitanda nyuma, kochi la kukunjua mbele yake, kabati, meko ya gesi ya plati mbili na friji ndogo ya volti 12. Ni jeusi kuanzia bampa hadi paa. Madirisha yana tinti nzito, na mwenye gari aliamini tinti hiyo ndiyo dawa ya jua. Safari ilikuwa ya watu wanne: yeye, mkewe, binti yao wa gredi ya nne, na mama yake mzazi, ambaye ana miaka sabini na kitu na humeza dawa za presha kila asubuhi. Walitoka Nakuru katikati ya Februari, wakapanga kulala usiku nne kando ya Ziwa Victoria, kwenye uwanja wa kambi upande wa Dunga, nje kidogo ya Kisumu mjini. Usiku wa pili huyo mama, nyanya wa binti, alipelekwa kituo cha afya.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na friji na betri za gari hilo nilizifunga mimi. Nilikuwa Kisumu kwa kazi nyingine waliponipigia simu, nikawapitia asubuhi iliyofuata. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu, kwa ruhusa yao, kwa sababu karibu kila mtu niliyemsimulia ametoa hukumu ileile: kiyoyozi kilikuwa kidogo. Sikubaliani nayo. Kiyoyozi cha ukubwa mara mbili kingewaacha na jasho lilelile, na stima ingekatika mapema zaidi.

Tuanze na mteremko, maana watu wa Nakuru huusahau. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Februari mchana jua linachoma, lakini usiku unapofika unavuta blanketi bila kuuliza. Kisumu iko mita 1,131. Kwa wastani hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili ni nyuzi nne au tano tu. Ukizitaja hivyo hazitishi. Lakini kuna unyevu wa ziwa juu yake, na mwili wenyewe huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto jipya: moyo ujifunze kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi, jasho lianze kutoka mapema na kwa wingi, chumvi isipotee ovyo. Wao waliondoka asubuhi, wakapita Mau Summit na Kericho kwenye chai na baridi, wakashuka hadi Awasi na Ahero, na jioni wakawa wameketi ufukweni wakiwa na miili ya Nakuru, godoro la Nakuru lenye jalada la plastiki, na mablanketi mawili mazito.

Waliegesha wapi? Kiwanja kina mwembe mkubwa, na walikuta nafasi pande zote mbili za mti. Wakachagua upande wa magharibi, pua ya gari ikitazama maji, ili waone jua likizama bila kutoka kitini. Siwalaumu, mtu haendi Dunga kutazama ukuta. Lakini hebu tufuate jua. Asubuhi linatoka mashariki, nyuma ya mwembe, kwa hiyo kivuli kinaangukia upande wao, saa ambazo hewa bado ni baridi na hakuna anayekihitaji. Kisumu jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki na Kisumu iko chini ya nyuzi 35. Kwa hiyo mchana wa saa unaburutwa mbele: mwezi wa Februari jua huzama karibu saa moja jioni. Kuanzia saa nane mpaka saa moja kasoro gari hilo jeusi lilisimama juani bila tawi moja la kulikinga, na kioo cha mbele, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, kikilitazama jua uso kwa uso.

Sasa hesabu ya paa. Jua la mchana penye anga safi huleta karibu wati elfu moja kwa kila mita ya mraba. Paa la gari la aina hii lina kama mita nane za mraba. Hizo ni kilowati nane zinazopiga bati jeusi, na rangi nyeusi hunyonya karibu zote. Nyeupe ingerudisha angani zaidi ya theluthi mbili. Si kwamba kilowati zote nane huingia ndani. Nyingi huchukuliwa na hewa ya nje. Ila bati hupata moto kiasi kwamba ukiweka kiganja unakiondoa mara moja, na chini yake kulikuwa na sponji nyembamba ya matatu na kitambaa, basi. Kiyoyozi walichokuja nacho ni cha BTU 9,000, kipimo cha nguvu ya kupoza. Mashine kama hiyo, ikiwa mpya na imefungwa inavyotakiwa, huondoa kilowati mbili na nusu hivi. Na haikuwa imefungwa inavyotakiwa.

Ilikuwa ni ile ya magurudumu, yenye bomba moja nene la kutolea hewa moto. Bomba walilitoa kwenye dirisha la kuteleza, pengo lililobaki wakalijaza taulo. Mwenye gari alinipokea kwa swali kabla hata ya salamu kuisha.

"Fundi, mashine ni mpya. Mbona hapa mbele inatoa baridi na gari bado linachemka?"

Nikamwambia aweke mkono kwenye ukingo wa mlango wa kuteleza, chini, pale mpira ulipochakaa. Upepo ulikuwa unaingia. Akahamisha mkono hadi kwenye tundu la waya wa zamani wa kondakta wa matatu, kule dari. Upepo unaingia. Mashine ya bomba moja huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye koili ya moto na kuitupa nje. Hewa hiyo lazima ijazwe na nyingine, na nyingine ni ile ya nje yenye joto na unyevu, inayopenya kwenye kila ufa. Kadiri mashine inavyojitahidi ndivyo inavyokaribisha joto. Juu ya hayo, bomba lenyewe la plastiki linapita ndani ya gari likiwa la moto. Mashine hizi sizipendi hata nyumbani; ndani ya gari ni pesa iliyotupwa. Anayetaka kiyoyozi cha kweli kwenye gari la kulala anunue cha kufunga juu ya paa, ambacho upande wake wa moto uko nje kabisa, na ajue mapema atakilisha stima kutoka wapi.

Maana stima nayo ilikuwa kisa ndani ya kisa. Kiwanja kilikuwa na soketi moja ya kawaida ya pini tatu bapa kwenye nguzo, mbali na mwembe. Walitumia ekstensheni ya kuviringisha, ile yenye kishikio, wakavuta waya uliowatosha na kuuacha mwingine wote umejikunja kwenye gurudumu. Asubuhi niliushika huo uliojikunja: waya wa nje ulikuwa umelainika na tabaka mbili za katikati zimegandana. Waya uliojikunja haupumui. Ekstensheni inayoandikwa ampea 13 ikiwa imefunguliwa yote, ikiwa imejikunja huwa si salama kupita ampea tano au chini ya hapo. Angalia kibandiko ubavuni, kimeandikwa. Kiyoyozi chao pekee kilikula zaidi ya ampea nne. Jioni mke aliwasha birika la stima la wati 2,000, ampea nane na ushei, na swichi ya usalama ya gurudumu ikakata. Wakangoja, wakairudisha, ikakata tena. Hiyo swichi iliwaokoa na moto, na mwenye gari aliniambia alikuwa amefikiria kuipita kwa kuunga waya moja kwa moja.

Na betri? Aliuliza kwa nini kiyoyozi kisifanye kazi kwa inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi. Kwa volti 12, mashine ya wati 1,000 huvuta ampea 90 na zaidi. Betri yake ya ampea-saa 100 ni ya risasi na asidi, ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu. Angepata nusu saa, na betri ingezeeka kabla ya wakati. Feni ya volti 12 kwenye betri hiyo hiyo, ikila ampea mbili, hupiga usiku kucha na asubuhi ikaacha betri ina nguvu. Hesabu hii ndiyo ningetaka kila mwenye gari la kulala aifanye kabla hajaingia dukani.

Turudi kwenye usiku wa pili wenyewe. Jua linakaribia kuzama, mbu wameanza kutoka. Hapa ndipo kambi ya ziwani inapotofautiana na ya Naivasha au ya Nanyuki. Ukanda wa Ziwa Victoria ni eneo la malaria mwaka mzima, na mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku mkubwa, watu wakiwa wamelala. Gari halikuwa na wavu hata kwenye dirisha moja. Mke, kwa busara kabisa, akafunga kila kitu saa kumi na mbili na nusu. Halafu, ndani ya gari lililofungwa, akawasha gesi apike ugali na kukaanga omena, kwa sababu nje kulikuwa na wadudu wa ziwani wanaofuata taa kwa maelfu na kuangukia sufuriani.

Gesi ikiungua haitoi joto tu. Kilo moja ya gesi huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yakiwa mvuke. Saa moja ya kupika kwa moto wa wastani ni kama kuwasha hita ya kilowati moja na nusu au mbili katikati ya chumba, pamoja na mvuke wa gesi na mvuke wa sufuria ya ugali. Ongeza watu wanne, kila mmoja akitoa karibu wati 100 hata akiwa amekaa tu, na friji iliyobanwa kwenye kabati lisilo na matundu ikipumulia joto lake humo humo. Paa lilikuwa bado linarudisha ndani joto la mchana. Kipima joto cha friji, kilichoning'inizwa kwenye ndoano ya koti, kilisoma nyuzi 36 saa mbili usiku. Nje, kwa maelezo ya askari wa kiwanja, watu walikuwa wameanza kuvaa sweta nyepesi.

Nyanya aliniambia mwenyewe, "Mwanangu, nilihisi kama nimefunikwa blanketi lililoloweshwa."

Hilo ndilo jibu la kitabibu pia. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Lita moja ya jasho likikauka huondoa karibu theluthi mbili ya uniti moja ya stima kwa joto. Lakini likauke. Kwenye hewa iliyojaa mvuke jasho linatiririka tu, maji yanapotea na joto linabaki. Alianza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi ikawa baridi na yenye majimaji. Hizo ni dalili za uchovu wa joto. Alikuwa amekunywa maji kidogo mchana kutwa kwa sababu choo cha kiwanja kiko mbali na hakutaka kusumbua watu usiku. Wazee wengi hufanya hivyo na hawasemi. Mojawapo ya dawa zake ni ya kuongeza mkojo, kwa hiyo mwili ulikuwa unapoteza maji kwa njia mbili. Kwenye kituo cha afya walimlaza penye feni, wakampa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS, wakampima presha mara kadhaa, na alfajiri wakamruhusu. Daktari aliwaambia waliomleta kwamba siku nyingine, kabla ya safari ya joto, dawa za aina hiyo zizungumzwe na anayeziandika. Hakuna aliyemwambia aache kuzimeza, na mtu asiziache kwa kusoma kisa kama hiki.

Afadhali waliondoka alipokuwa bado anaeleweka anachosema. Joto la mwili likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuzimia, hiyo ni kiharusi cha joto, na hapo hungojei gari lije ndipo uanze: unammwagia maji mwili mzima, unampepea, huku mwingine akitafuta usafiri.

Kuna jambo moja la usiku huo ambalo familia ilinieleza kana kwamba ni dogo, na mimi nilisimama. Baada ya stima kukataa, mume aliwasha injini, akafunga vioo, akafungulia kiyoyozi cha gari, wote wakiwa ndani wamejilaza. Gari limesimama, ekzosti iko karibu na nyasi ndefu, bodi ina nyufa tulizozitaja. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza ni zile zile za joto: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Waliizima baada ya muda kwa kuogopa mafuta kuisha. Nilimwambia waziwazi kwamba hilo la mafuta lilikuwa bahati yao. Jenereta nayo ni hivyo hivyo. Iwe mbali, na upepo utoke kwenu kuielekea.

Basi tulifanya nini. Kiyoyozi tulikitoa kwanza, tukapata nafasi ya kupita.

Gari tukalihamisha upande wa mashariki wa mwembe, mita chache tu, ili kivuli cha alasiri kiliangukie. Pua tukaielekeza kaskazini. Februari jua la Kisumu hupita upande wa kusini wa utosi, kwa hiyo kioo cha mbele kilichotazama kaskazini hakipigwi moja kwa moja. Ingekuwa Julai ningegeuza. Mlango wa kuteleza wa HiAce uko kushoto, na sasa ulitazama magharibi, ziwani. Hiyo ilikuwa shabaha yangu hasa, kwa sababu ya upepo. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwa inakuja kujaza. Kuanzia adhuhuri hivi upepo wa Kisumu hutoka majini. Usiku mambo hugeuka: bara linapoa, ziwa linabaki na uvuguvugu wake, na upepo mwepesi unatoka bara kwenda majini. Katikati yake kuna saa kadhaa za jioni ambazo hakuna upepo wowote, na bahati mbaya ndizo saa za kulaza mtoto. Wavuvi wa pale wanalijua hili kuliko mimi, kwa sababu tanga zao huliishi. Gari lililofunguliwa upande wa ziwa tu litakuwa zuri saa kumi alasiri na bovu saa sita usiku.

Kwa hiyo lilihitaji matundu pande zote mbili, na yote yawe na wavu. Fundi cherehani wa sokoni Kibuye alishona pazia la neti la mlango mzima, pindo la chini likiwa na mnyororo mwembamba ili lisipeperuke, na vipande vya madirisha vya kubandika kwa velkro. Neti hupunguza upepo, kwa hiyo tundu lenye neti lazima liwe kubwa kuliko ambalo ungetosheka nalo bila neti. Shida ikabaki usalama: nani atalala na mlango wazi? Mlango mkuu ulifungwa wakati wa kulala. Mlango wa nyuma, ule wa kuinuka juu, tuliutengenezea kulabu ya chuma inayoshika kitasa cha kufuli na kuuacha wazi upana wa kiganja, bila mtu wa nje kuweza kuuinua. Pengo hilo la chini, neti juu yake, na dirisha la upande wa bara, vilitosha kuingiza hewa. Ya kutoka tukaitafutia feni.

Tundu la kuingilia hewa la paa la matatu, lile la kusukuma juu, lilikuwa bado lipo, limezibwa na silikoni. Nikalifungua, nikafunga feni ya volti 12 ikitazama juu, inayotoa hewa. Watu wengi huelekeza feni ndani iwapige usoni, na kwa kulala si vibaya kuwa na ndogo ya namna hiyo pia. Lakini joto linakusanyika dari. Linapaswa kusukumwa nje huko huko. Hewa baridi itajiletea yenyewe kupitia chini. Na feni ya mwilini inasaidia penye joto la Kisumu kwa sababu hewa yake huwa chini ya joto la ngozi. Mahali panapofika nyuzi 40 feni peke yake inaweza kukuongezea joto, na hapo unatakiwa kujilowesha.

Kuhusu kujilowesha: leso iliyolowa shingoni, au shuka lililolowa likatundikwa mlangoni upande wa upepo, hufanya kazi nzuri alasiri. Usiku wa manane karibu na maji halifanyi, unyevu uko juu tayari, na unazidisha tatizo lile lile la nyanya. Vile vipoza hewa vya maji vinavyouzwa kwa sifa nyingi vinafaa Marigat, penye hewa kavu, mradi madirisha yawe wazi. Ndani ya gari lililofungwa Dunga, hapana. Kumwagia paa ndoo mbili za maji jua likishazama, hapo sawa, kwa kuwa mvuke unaondoka nje na joto la bati.

Binti alitaka kuoga ziwani. Ziwa Victoria lina kichocho, na kwenye mwambao huo kuna viboko pia, ambao usiku hutoka kula majani nchi kavu. Sababu nyingine ya kutoegesha puani mwa maji. Akaogea ndoo.

Jikoni likahamia nje, chini ya turubai, chakula cha jioni kikiliwa saa kumi na moja kabla ya mbu na wadudu wa taa. Mke hakupenda, alisema kula mapema hivyo ni kama hospitali. Tulikubaliana cha moto kipikwe mapema na kitunzwe kwenye hotpot, kiliwe wakati wowote. Taa ya nje ikawekwa mbali na gari, wadudu wafuate huko. Turubai linakunjwa mawingu yakikusanyika upande wa Nandi, maana dhoruba za alasiri za magharibi mwa Kenya haziombi ruhusa, na mvua ya mawe ya Kericho na Nandi inajulikana kwa wakulima wa chai. Radi ikianza, ndani ya gari la bati milango ikiwa imefungwa ni salama kuliko chini ya mwembe.

Godoro likageuzwa, jalada la plastiki likavuliwa, juu yake mkeka na shuka la pamba. Mablanketi yalikaa kabatini.

Kioo cha mbele kilipata pazia la foili, ila kwa nje. Ukiliweka ndani, jua limeshavuka kioo, na sehemu ya joto hilo inabaki ndani nawe. Tinti ni hivyo hivyo: inapunguza mwanga, lakini kioo chenyewe kinanyonya joto na kukupa sehemu yake.

Usiku wa tatu kipima joto kwenye ndoano ile ile kilisoma nyuzi 27 saa mbili, na kikaendelea kushuka. Si baridi ya Nakuru. Lakini nyanya alilala, akiwa na chupa ya maji pembeni na ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia, ili choo kisiwe tena sababu ya kuogopa kunywa. Kwa maoni yangu ndoo hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko feni yangu.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo mwenye gari hakutaka kuisikia: kuondoka. Maseno iko kama kilomita 25 kutoka Kisumu, kwenye Ikweta, karibu mita 1,500. Msitu wa Kakamega uko kwenye kimo kama hicho. Kericho imepita mita 2,000. Ukiwa na nyumba yenye magurudumu, nyuzi mbili hadi sita za baridi ni safari ya lita chache za mafuta; unashinda ziwani mpaka samaki wa jioni, unapanda kulala. Mimi na mzee au mtoto mdogo ndani ya gari ningefanya hivyo usiku wa kwanza. Yeye alisema amelipia ziwa na atalala ziwani.

Kilichobaki ni paa. Kupaka gari zima rangi nyeupe kunamaanisha kubadilisha maelezo ya rangi kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mwenye gari analipenda likiwa jeusi. Tumekubaliana njia ya Land Rover za zamani, zilizokuwa na paa la pili juu ya la kwanza kwa ajili ya nchi za joto. Gari lina keria tayari. Juu yake litalala bati jeupe, likiacha nafasi ya vidole vinne hewa ipite katikati, na upande mmoja paneli za sola, ambazo nazo ni kivuli. Kwa kuwa gari litakuwa linaegeshwa kivulini, paneli moja itakuwa ya kubeba, yenye waya mrefu wa kuifikisha juani. Ndani, sponji ya matatu inatoka na inaingia nene ya kweli. Friji inapata matundu mawili, la chini la kuvuta na la juu la kutoa.

Kiyoyozi ameshakitangaza kuuza. Nyanya yuko tayari kurudi Kisumu Agosti, kwa sharti kwamba yeye atalala kwa dada yake aliye mtaa wa Migosi, na gari waliegeshe wapendapo.